Kahigi Alivyoziogopa Ndizi

Kwa Mhaya kuacha kula ndizi si jambo la mtu mmoja. Ukiacha pombe watu watasema umeokoka. Ukiacha nyama watasema hali ni ngumu. Lakini ukae mbele ya ebitooke, ndizi zetu za kupika, zinazotoka mvuke juu ya jani la mgomba, halafu useme "asante, mimi sili", hapo ama una neno na mpishi, ama unashuku kuna kitu kimetiwa. Kahigi aliyajua hayo tangu utotoni, kwa hiyo alipoziacha ndizi aliziacha kwa siri, na siri hiyo nusura ituzike wengi kwa siku moja.

Kahigi ni dereva. Anaendesha Kosta ya tajiri mmoja wa hapa Bukoba, Rugambwa, na gari hilo halina ruti. Kazi yake ni shughuli: misiba, harusi, kwaya ya Kilutheri iliyoalikwa Muleba, ukoo unaokwenda kumposea kijana wao. Anaishi Kashai, vyumba viwili vya kupanga, pamoja na mkewe Joviana ambaye hushona nguo barazani. Zamani tumbo lake lilifika kwenye usukani kabla ya mikono. Sisi majirani tulimtania sana, naye alikuwa akijibu kwamba tumbo ndiyo leseni ya dereva wa shughuli.

Hakuwa akisema uongo. Popote Kosta ilipoegeshwa, mwenye nyumba alimtafuta dereva kwanza, maana dereva mwenye njaa ni aibu ya boma. Alipewa lundo la ndizi na maharage, samaki juu yake, na soda ya kusukumia. Akishamaliza alilaza kiti cha gari akasinzia mpaka watu watakapomwamsha. Mazoezi yake yote yalikuwa kukanyaga klachi.

Kisha ikaja kiu. Alikunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi na bado ulimi ulikuwa mkavu. Alisimamisha Kosta kila mara kwenda vichakani, abiria wakacheka, yeye akacheka nao. Siku maandishi ya vibao vya barabarani yalipoanza kumkimbia machoni, hakucheka tena. Alikwenda hospitali wakampima, wakamwambia ana ugonjwa wa sukari.

Mhudumu alimweleza vizuri tu, ingawa foleni ilikuwa ndefu na mama mmoja alikuwa na mtoto anayelia. Alimwambia apunguze ndizi, aache soda, atembee, na kidonge ameze asubuhi pamoja na chakula. Kahigi alisikia yote lakini hakuondoka na yote. Kichwani mwake muda wote ule alikuwa anamwona Kamala.

Kamala ndiye aliyemfundisha kuendesha gari. Sasa huketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba yake huko Bilele, suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini juu ya goti. Sukari ilimla kidole, kidole kikaoza, wakakata, wakakata tena. Kahigi alipotoka hospitali alikwenda moja kwa moja kwake, akakaa chini kwenye ngazi.

"Ulianzaje?" akamuuliza.

"Ganzi," Kamala akasema. "Nilikuwa nakanyaga pedeli lakini siisikii. Unaona ni mguu gani huu?"

Kahigi akautazama.

"Wa kulia," Kamala akasema. "Wa breki."

Kuanzia siku ile Kahigi aliishi na hofu ndani ya mwili wake. Hakuogopa kifo chake. Mtu anayepeleka watu makaburini kila Jumamosi huzoea kifo, hukisalimia kama jirani. Alichoogopa ni mguu. Alijiona kwenye mteremko, Kosta imejaa kina mama wanaoimba, anakanyaga breki na mguu hausemi kitu. Aliogopa akiwa amelala, aliogopa akinyoa ndevu, na kila alipoingia kwenye gari alijifinya paja la kulia kwanza ili asikie maumivu. Yakimuuma alishukuru Mungu akawasha injini.

Akaamua kwamba adui ni ndizi. Nyumbani alimwambia Joviana ampikie mboga za majani tu.

"Mboga peke yake? Wewe ni sungura?" Joviana akauliza.

"Huko safarini nakula, mke wangu. Nikila na hapa nitazidisha."

Na huko safarini aliwaambia watu kwa heshima ya Kihaya, "Nimeshiba, waitu, nimetoka kula nyumbani." Kwa hiyo hakula huku wala kule.

Sasa mtasema, mbona wenye misiba na wenye harusi hawakukasirika? Kahigi si mjinga. Kwetu mgeni akikaribishwa huletewa kwanza akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na kukaushwa, za kutafuna. Ukichukua punje mbili ukatia mdomoni, umepokea ukarimu wa nyumba. Hakuna atakayesema umeidharau. Kahigi alichukua punje, akashukuru kwa adabu zote, akajaza mfuko wa shati, kisha ndizi zilipokuja alikuwa ameshapotea. Punje zile zilimwondolea usingizi na zikamdanganya njaa. Alizitafuna kutoka Bukoba mpaka Muleba.

Na alikwenda wapi ndizi zilipokuja? Kutembea. Aliizunguka Kosta, akaizunguka tena, mikono nyuma. Kwenye harusi moja bibi wa nyumba alimwona mtu mzima anazunguka gari peke yake huku akitafuna kitu na midomo inacheza, akaenda kumwita shemasi aje aombe. Huku Kashai alikuwa akitoka alfajiri kwa miguu hadi ufukweni na kurudi, na kila aliyekutana naye alimuuliza kwa lile "Ta" letu la heshima, "Ta Kahigi, gari limekufa?" Dereva anayetembea huwatia watu wasiwasi.

Tumbo likapungua. Mkanda ukaongezwa matundu kwa msumari. Kahigi alifurahi, tukampongeza, na Joviana akamshonea suruali mpya. Kidonge alikimeza kila asubuhi bila kukosa, kwa maji matupu.

Mitetemeko ilianza siku moja akiwa peke yake, ametoka kuwashusha watu Muhutwe. Mikono ilitetemeka kwenye usukani, jasho likamtoka wakati kuna baridi, moyo ukamwenda mbio, na woga mkubwa usio na sababu ukamkamata shingoni. Alisimamisha gari kando ya barabara. Akasema moyoni: ndiyo hiyo, sukari imepanda, inakuja kuuchukua mguu. Akatoa kidonge kingine mfukoni ili aishushe. Maji hakuwa nayo. Palikuwa na mama anauza omuramba, ile juisi tamu ya ndizi mbivu, akanunua chupa akasukumia kidonge, na kwa kuwa koo lilikuwa limekauka, akainywa yote.

Muda si mrefu akapata nafuu. Mikono ikatulia, jasho likakauka, akili ikarudi.

Tazameni balaa lilivyoingia. Sukari yake haikuwa imepanda, ilikuwa imeshuka mno, kwa sababu kidonge kinashusha na tumboni hakuna kitu cha kushusha. Kilichomponya ni ule utamu wa omuramba. Lakini yeye hakuushukuru omuramba, alikishukuru kidonge. Aliporudi nyumbani hata alitubu kwa Mungu kwamba siku hiyo amekunywa kitu kitamu. Akajiwekea sheria: mkono ukitetemeka, ongeza kidonge.

Halafu ukaja msiba wa Muleba.

Kikundi chetu cha kuzikana hapa Kashai kilikodi Kosta. Nami nilikuwemo, nimekaa katikati upande wa dirisha. Kiti cha mbele kando ya dereva alikaa Kokushubila, mama mzee tunayemheshimu wote, mwenye ulimi mkali na maombi marefu. Tulikwenda salama. Tulizika. Majirani wa wafiwa walileta chakula, tukala chini ya migomba, na Kahigi alitafuna punje zake akazunguka gari. Jua lilikuwa bado linawaka tulipoanza kurudi.

Kina mama walianza wimbo wa tenzi. Baada ya mwendo kidogo niliona shati la Kahigi limeloa mgongoni, limeshikana na ngozi. Kokushubila naye aliona.

"Ta Kahigi, mbona unatoka jasho hivyo? Fungua dirisha."

Kahigi aliingiza mkono mfukoni, akatoa kidonge, akakimeza kwa mate. Nilidhani ni cha kichwa.

Tulipokaribia Kagoma akapunguza mwendo, akageuka nusu, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Jamani, marehemu mmempakia?"

Wimbo ukakatika.

"Marehemu tumemzika, Ta Kahigi," mtu mmoja akasema.

"Mmemzika?" Akamtazama Kokushubila, macho yake hayana mtu ndani. "Basi huyu aliyekaa hapa kando yangu ni nani?"

Sijawahi kuogopa vile, na nimeogopa mengi. Kokushubila alijibana mlangoni. Hapo barabara ikaanza kuteremka. Kosta ikavuka mstari taratibu, ikaenda upande usio wetu, na mbele yetu lori lilikuwa linapanda, limepiga honi isiyokoma. Kina mama wakapiga yowe wakiwaita mama zao kwa Kihaya. "Mawe! Mawe!" Mtu alinishika mkono akanitia kucha mpaka damu.

Kahigi alitusimulia baadaye alivyoona yeye. Anasema aliona malori mawili. Anasema aliutafuta mguu wake wa kulia na hakuupata, akajifinya paja na hakusikia. Akajua siku imefika, ile aliyoiota kila siku, na watu ni walewale, wimbo ni uleule. Akapata hofu kubwa kiasi kwamba alikanyaga kwa miguu yote miwili kila alichokikuta chini na kuvuta breki ya mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

Kosta ilizunguka, ikarudi upande wetu, ikasimama gurudumu la mbele likining'inia juu ya mfereji, na chini ya mfereji kuna kibanja cha watu, migomba imepangana. Lori lilipita likatupulizia vumbi. Halafu kila mtu akaanza kulia na kusali kwa wakati mmoja.

"Amelewa!" akapiga kelele Rugaibula, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa hasira za karibu. "Alikuwa anakunywa orubisi nyuma ya gari! Nilimwona anazunguka!" Akamvuta nje kwa kola, akamnusa mdomo mbele yetu sote. Akanusa tena. Akamwachia.

"Kahawa," akasema. "Ananuka kahawa tu."

Kahigi alikuwa ameanguka kwenye majani, meno yamefungana, mwili unaruka. Tulimpakia kwenye pikapu ya msamaria mmoja mpaka zahanati. Muuguzi wa zamu, Edvina, binti mdogo kwa umri lakini si kwa sauti, alimchoma kidole, akatazama kile kipimo chake, akasema, "Sukari imekwisha mwilini! Nishikieni mkono wake, namtilia sukari kwenye mshipa."

Hilo neno ndilo lililomwamsha, na aliamka vibaya. Alisikia "sukari" na "namtilia". Kwake ilikuwa sawa na kusikia mtu anaitisha petroli kwenye moto. Alirusha mateke. Alipiga kelele kwa Kihaya kwamba tunamuua, kwamba mguu wake unakwenda, kwamba Joviana aitwe aje ashuhudie. Wanaume wanne walimkalia, Rugaibula akiwa mmojawapo, naye Edvina akatafuta mshipa huku anakwepa ngumi. Alitutazama mmoja mmoja akitusihi, na mimi, Mungu anisamehe, sikuweza kumtazama. Mtu alikuwa anapigana na uhai wake kwa nguvu zake zote, akiamini ni mauti.

Dawa ikaingia. Mateke yakawa mazito, yakaisha. Macho yake yakapata mtu ndani tena, pole pole. Akawatazama wanaume waliomkalia kama mtu anayeamka nyumba ya ugenini.

"Watu wangu?" akauliza. "Abiria?"

"Tuko hapa," Kokushubila akasema. "Wote. Hata marehemu wako wa kando."

Kahigi akaanza kulia.

Edvina alimlaza palepale, wala si kwa kupumzika tu. Alisema vidonge vile vinaweza kumshusha tena, kwa hiyo atakaa chini ya uangalizi. Alipokwisha kuuliza alikula nini siku ile, na siku iliyotangulia, na juzi yake, alishika kiuno.

"Umeondoa chakula. Umeongeza kutembea. Halafu ukaongeza kidonge juu yake. Nani alikuambia ufanye hivyo?"

"Naogopa mguu," Kahigi akasema.

"Mguu ungechukua miaka. Hiki ulichofanya leo kinachukua dakika, na kinachukua na wenzako."

Ndipo akamweleza, na safari hii hakukuwa na foleni. Ndizi hazikukatazwa, kilichokatazwa ni lundo. Sahani yake nusu iwe mboga, na ile nusu nyingine wagawane maharage au samaki na vidole vichache vya ndizi, vya kuchemsha, si vya mafuta. Ale kwa saa zake, hata kama mwenye harusi bado anahutubia. Kidonge kiende na chakula, na kisiongezwe hata nusu bila daktari. Atembee, lakini ameshakula. Jasho na mitetemeko ikija, asimamishe gari kwanza, anywe kitu kitamu, ndiyo, kitamu, apime, na asiguse ufunguo mpaka awe sawa. "Na senene?" akauliza Kahigi, maana msimu wa panzi hao watamu ulikuwa karibu. Edvina akacheka kwa mara ya kwanza, akasema senene ruksa, ila asimalize kikapu.

Rugambwa alikuja mwenyewe kuchukua ufunguo. Hakugomba. Alisema, "Pumzika kwanza, ndugu yangu," na hilo lilimuuma Kahigi kuliko matusi. Dereva mwingine akawekwa. Wiki zile Kosta ikipita Kashai, Kahigi aliingia ndani asiione.

Joviana alimlisha kama mtoto, anahesabu vidole vya ndizi na kusimama mpaka amalize. Siri ilipojulikana alilia siku nzima, kisha akakasirika wiki nzima. "Umenidanganya na kabichi!" alikuwa anasema. Kahigi alipona taratibu, akapata nguvu, hospitali wakambadilishia dawa, wakamfundisha kupima mwenyewe. Lakini hofu haikuondoka. Ilizaa pacha. Mwanzo aliogopa sukari kupanda. Sasa aliogopa na kushuka. Kila tonge alilitazama akijiuliza kama ni dogo mno au ni kubwa mno. Alinishirikisha siku moja tukiwa barazani, Joviana anashona.

"Nilikuwa najua adui yuko upande gani," akasema. "Sasa yuko pande zote mbili."

Mwishowe daktari akasema anaweza kuendesha tena, akifuata masharti. Rugambwa akaitikia, akaongeza sharti lake. Kikundi chetu kilikuwa kinarudi Muleba kumaliza matanga ya msiba uleule. "Utawapeleka wewe," akasema. "Lakini watu karibu uwaue. Wana haki ya kujua wanapanda na nani. Utawaambia mwenyewe, kwa mdomo wako, kabla hawajapanda. Wakikataa, nitajua la kufanya."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio tulishakisikia, na bado kusema kulimshinda. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu. Tulisimama kando ya barabara, kanga vichwani, na Kahigi akasimama kwenye mlango wa Kosta, suruali aliyoshonewa imemkaa vizuri, mikono inatetemeka. Sote tuliitazama ile mikono. Naye aliona tunaitazama.

"Siyo ile," akasema upesi. "Nimepima sasa hivi. Hii ni hofu."

Akasema yote. Sukari, Kamala, ndizi, punje za kahawa, vidonge. Hakujitetea. Alisema, "Mkiniona natokwa jasho au nasema yasiyoeleweka, msiniulize, niambieni nisimame. Ukweli ni kwamba naogopa kuwaendesha. Na naogopa mkikataa."

Rugaibula alisikiliza mpaka mwisho. Alimpa mkono, akamwambia pole sana, halafu akasimamisha bodaboda akaondoka kuelekea stendi. Simlaumu, ana watoto wadogo. Sisi wengine tulibaki tumesimama. Kahigi alipanda, akakaa kwenye usukani, mlango wa abiria uko wazi, akangoja.

Hakuna aliyepanda.

Alitutazama kwenye kioo, ameniambia, akaona kanga na makoti, watu hawasogei, mvua inawaloesha na bado hawaingii. Akasema moyoni basi, yamekwisha. Miaka yote ile, na hata mvua ni afadhali kuliko gari langu. Alichomoa ufunguo akaushika kiganjani, tayari kushuka kumrudishia Rugambwa.

Kokushubila akagonga kioo cha dirisha lake kwa mpini wa mwavuli.

"Hilo bakuli hapo mbele ni la nani?"

Kahigi akatazama juu ya dashibodi. Joviana alikuwa amemfungia chakula, ameweka na kitambaa. "Langu, Ma."

"Lifungue."

Akalifungua. Vidole vya ndizi, maharage, mnavu umejaa nusu nzima, na kidonge kando kwenye karatasi. Hajagusa kitu.

"Mbona limejaa?" Kokushubila akauliza. "Unataka tupande gari la dereva mwenye njaa? Mara ya pili?"

"Nilikuwa nataka niwaambie kwanza, Ma."

"Umeshatuambia. Sasa kula. Tutapanda tukiona bakuli tupu."

Kahigi alikula. Sisi tukasimama kwenye manyunyu tukimwangalia, na tuliogopa sote, tusidanganyane. Alitafuna ndizi alizokuwa anazikimbia, moja baada ya nyingine, machozi yanamshuka ndani ya mboga. Alimeza kidonge kwa maji. Alipomaliza aliliinua bakuli dirishani akaligeuza juu chini ili hata walio nyuma waone.

Kokushubila alipanda wa kwanza. Alikwenda kukaa palepale, kiti cha mbele, kando ya dereva, akafunga mwavuli wake, akafunga mkanda. Kahigi akawasha gari, lakini mama mzee akamshika mkono juu ya gia.

"Kwanza niambie. Aliyekaa hapa kando yako ni nani?"

"Ni wewe, Ma Kokushubila."

"Mzima au maiti?"

"Mzima, Ma."

"Basi nifikishe hivyo hivyo."